Waja leo, waondoka leo: kisa cha orodha ya ndege kumi pwani ya Tanga

Usuli

Kikundi chetu cha kutazama ndege kina watu saba: waongoza watalii wanne, mwalimu mstaafu, binti anayesoma chuo, na kijana wa bodaboda ambaye kwa macho anatushinda wote. Eneo letu ni ukanda wa pwani kuanzia Moa, karibu na mpaka wa Kenya, hadi mlango wa Mto Pangani. Majina ya watu, ya kijiji na ya shamba la chumvi linalotajwa humu nimeyaacha kwa makusudi, na mambo mawili matatu yasiyobadili maana nimeyageuza ili mtu asitambulike.

Wengi wakisikia ndege wa Tanga hufikiria Amani na misitu ya Usambara Mashariki, na wana haki. Ila wale ni wenyeji. Ukimkosa leo, mwakani yupo palepale. Pwani ni habari nyingine. Huku usemi wa mji wetu, waja leo waondoka leo, unawafaa ndege kuliko watu. Kila mwaka vuli ikikaribia, vitwitwi, ndege wa ufukoni, kutoka Siberia na Asia ya Kati hushuka kwenye matope ya mikoko. Maji yakijaa huhamia kwenye mashamba ya chumvi, na mara mojamoja katikati yao huwamo mgeni ambaye hakuna aliyemtarajia.

Hilo la "hakuna aliyemtarajia" ndilo lililomchokoza mwalimu. Alikuwa amesoma kwamba watazamaji ndege wa Uingereza na Marekani wana mazoea ya kukaa chini na kubashiri ni ndege gani atakayefuata kuingia kwenye orodha ya wilaya au jimbo lao, kisha miaka ikipita hujipima. Akatuuliza sisi tunazuiwa na nini. Septemba 2023 tukakutana barazani kwake, kahawa na kashata katikati, tukaanza.

Orodha ilivyotungwa

Kanuni ilikuwa moja: ndege asiwemo kwenye orodha ya wale ambao kikundi kimeshawaona. Hatukujali kama ameonekana kwingine nchini, maana tulitaka kujipima sisi, si Tanzania nzima. Kila aliyependekezwa alipewa alama kuanzia 0 hadi 3 kwa maswali manne. Je, jirani zetu wamemwona? Njia yake ya kuhama inapita karibu? Makazi anayoyapenda yapo kwetu? Na idadi yake duniani inapanda au inashuka?

Swali la jirani ndilo lenye uzito zaidi, na nadhani ndivyo inavyopaswa kuwa. Ndege hapigi muhuri kwenye kituo cha mpakani Horohoro. Mlango wa Mto Sabaki karibu na Malindi hauzidi kilomita 250 kutoka Tanga kwa mstari ulionyooka, na hori ya Mida iko karibu zaidi. Aliyezoea kule ana sababu gani ya kutofika huku? Hata swali la nne lina maana yake: ndege anayeenea huja hatua kwa hatua. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja miaka ya 1890, na leo hakuna jalala la mjini Tanga asilolitawala. Kumbashiri yule kusingehitaji alama, kungehitaji subira tu.

Baada ya kujumlisha, aliyeongoza alikuwa Glareola ocularis, ndege wa Madagaska anayeruka kama mbayuwayu na kukamata wadudu hewani, lakini hutua chini kwenye tope na mchanga kama kitwitwi. Huzaliana Madagaska, kisha wakati wa kusi, kuanzia Aprili, huja pwani ya Afrika Mashariki. Sabaki huonekana kwa makundi makubwa. Jirani 3, njia 3, hakuwa na mpinzani.

Hapo ndipo tulipofanya uamuzi ambao kisa hiki chote kinauzunguka. Mmoja wetu akasema, "Huyo ni wa kusi, na sisi ni watu wa kaskazi." Kweli tupu. Safari zetu karibu zote ni Oktoba hadi Machi, vitwitwi wa kaskazini wanapokuwapo. Kuanzia Aprili watalii wanapungua, masika yanaharibu njia, na darubini zinarudi kabatini. Basi tukamshusha hadi nafasi ya tisa. Hakuna aliyepinga, kusema kweli, mimi ndiye niliyeandika.

Nafasi ya kwanza tukampa Calidris tenuirostris, kitwitwi mkubwa wa Siberia ya Mashariki. Kwa alama hakustahili. Wengi wao hukaa Australia na Asia ya Kusini Mashariki, na idadi yao imeporomoka tangu matope ya Bahari ya Njano yalipoanza kufukiwa. Ukuta wa Saemangeum huko Korea Kusini, wa kilomita 33, ulikamilika mwaka 2006 na kufunga moja ya vituo vyao vikubwa vya kula. Hoja yetu ilikuwa kwamba wapo wachache wanaokaa Oman, rasi ya Barr Al Hikman, na kutoka Oman kuja Tanga ni njia ambayo hata majahazi yaliijua. Hoja nzuri. Lakini iliyompandisha si hoja, ilikuwa hamu.

Wa pili alikuwa shakwe wa Bahari ya Shamu mwenye kope nyeupe, Larus leucophthalmus. Wa tatu buabua wa bahari kuu mwenye mgongo mweusi, anayetaga kwenye kisiwa kidogo cha Fungu Kizimkazi, ambaye tuliamini atasukumwa kwetu siku kukija dhoruba. Saba waliobaki, ukimtoa wa tisa, siwataji. Hakuna hata mmoja aliyetokea na hawana la kufundisha.

Jambo dogo la Agosti

Kabla hata ya kikao kile, Agosti 2023, mmoja wa waongozaji alipita kwenye shamba la chumvi kaskazini mwa mji kwa shughuli nyingine. Mzee anayesimamia vitalu alikuwa kwenye tuta, koleo begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona nyie mwaja kaskazi tu? Sasa hivi hapa pana mbayuwayu wakubwa, watua chini kwenye tope, tumbo lina rangi ya kutu."

"Mbayuwayu hawakai chini, mzee."

"Hawa wakaa."

Mwenzetu akaandika kwenye daftari neno moja, "mbayuwayu", na alama ya kuuliza. Mwezi mmoja baadaye alikuwapo barazani tukimshusha Glareola ocularis. Daftari lilikuwa mfukoni mwake.

Msimu wenyewe

Vuli ya 2023 haikuwa vuli ya kawaida. Ulikuwa mwaka wa El Nino na mvua zilipiga Tanzania kwa nguvu. Shamba la chumvi tulilolitegemea lilijaa maji ya mvua, matuta mawili yakakatika, na vitalu vilivyokuwa vikali kwa chumvi vikawa madimbwi ya maji baridi yenye majani yaliyooza. Vitwitwi wadogo walitawanyika. Mwishoni mwa Novemba tulikuwa na njia mbili: kuhamia Pangani, au kubaki palepale kwa kuwa orodha ilijengwa juu ya makazi ya chumvi. Tulibaki. Sababu tuliyopeana ni kwamba tukibadili eneo katikati ya msimu hatutaweza kulinganisha na miaka iliyopita, sababu ambayo katika mwaka mwingine ingekuwa ya maana.

Kijana wa bodaboda hakukubali wala hakubisha. Alimpeleka abiria kijiji cha ndani, akapita kando ya majaruba ya mpunga yaliyofurika, akasimama. Alivyotusimulia, alivua kandambili, akazishika mkono mmoja na simu mkono mwingine, akaingia kwenye tope hadi magotini. Juu ya majani ya yungiyungi alikuwa akitembea kukuziwa mdogo, kichwa na kifua buluu inayoelekea zambarau, mgongo wa kijani, miguu myekundu, vidole virefu kiasi kwamba kila jani lilizama kidogo akilikanyaga. Kila hatua alikuwa anapandisha mkia. Alikuwa Porphyrio alleni. Wiki mbili baadaye, jaruba lilelile, akapata mwingine wa ukoo huo, Paragallinula angulata mwenye mdomo wa njano. Wote wawili ni wahamaji wa ndani ya Afrika wanaofuata mvua. Wote wawili ni wapya kwa kikundi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewataja barazani.

Januari 2024 ikaja shangwe. Siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa hadi kwenye mizizi ya juu ya mikoko, binti wa chuo alipiga picha ya kitwitwi mkubwa wa kijivu amesimama peke yake kwenye kitalu. Kimo karibu sawa na cha kitwitwi mwingine, Pluvialis squatarola, aliyekuwa jirani yake, mdomo mrefu uliopinda kidogo nchani. Ilipofika jioni, kundi letu la WhatsApp lilikuwa limejaa vigelegele. Namba moja kafika! Mimi mwenyewe niliandika ripoti usiku ule.

Sikuituma. Si kwa busara, mtandao ulikatika. Asubuhi mwalimu akaomba tuitazame picha ile bila kutaja jina la ndege yeyote, kila mtu aandike anachokiona tu. Miguu: machungwa yaliyofifia. Manyoya ya mgongoni: makubwa, yenye kingo nyeupe kama magamba ya samaki. Kichwa: kidogo kwa mwili. Kifua: hakina madoa mazito. Tulipomaliza kusoma karatasi zote saba, kukawa kimya. Alikuwa dume wa Calidris pugnax, ndege wa maji baridi ambaye kila mwaka yupo nchini kwa maelfu. Maji ya mvua ndiyo yaliyomleta kwenye kitalu cha chumvi, mahali tusipomzoea. Binti aliumia, na haikuwa kosa lake peke yake. Watu sita wenye uzoefu kumzidi walikuwa wameshampongeza.

Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatoa tahadhari ya kimbunga Hidaya. Vimbunga haviji kwetu mara kwa mara. Wazee bado husimulia habari za kile kilichoivunja Unguja na Bagamoyo mwaka 1872, na kile cha Lindi cha 1952. Sisi tukakumbuka namba tatu, yule buabua. Watatu kati yetu walikaa ufukweni Raskazone, Tanga mjini, siku mbili mfululizo, makoti ya mvua mwilini, wakitazama bahari ya kijivu. Waliona buabua wa kawaida, wachache, wamejibanza kwenye mwamba. Hidaya kikaishiwa nguvu kilipofika Mafia tarehe 4.

Kisha kimya cha kusi. Darubini kabatini.

Mwishoni mwa Julai simu yangu ikaita saa moja asubuhi. Mzee wa chumvi. Hakusalimia sana.

"Wamekuja."

Alikuwa amemwomba mjukuu wake apige picha kwa simu, ikatumwa, haionyeshi kitu: tuta, tope, vidoa vyeusi kama punje za pilipili manga. Nilimpigia kijana wa bodaboda. Kabla ya saa tatu alikuwa pale. Ndege kumi na wanne wamekaa chini, wote wameelekeza vichwa kwenye upepo, rangi ya tope kabisa mpaka mmoja aliponyoosha bawa. Mstari mweupe nyuma ya jicho. Kifua cha chini rangi ya kutu. Mkia una panda fupi. Aliporuka mmoja wakaruka wote, wakazunguka juu ya vitalu wakila, na hapo ndipo, kijana alisema, mtu yeyote angeapa ni mbayuwayu. Picha zake zilikuwa safi. Glareola ocularis, namba tisa.

Matokeo

Kati ya kumi tuliowabashiri, mmoja alithibitishwa. Mmoja alidaiwa akaondolewa. Wanane hawakuonekana. Nje ya orodha waliongezeka wawili, wote wa maji baridi, wote wamepatikana na mtu aliyekuwa kazini.

Uchambuzi

Nianze na kimbunga kwa kuwa kosa lake ni la kitabuni na lingeepukika kwa dakika kumi za kufikiri. Kusini mwa ikweta vimbunga huzunguka kama akrabu za saa. Hidaya kilikuwa kusini mwetu. Chora duara kwenye mchanga ufuate akrabu: upande wake wa kaskazini, ndio wetu, upepo unaelekea mashariki, yaani kutoka bara kwenda baharini. Ndege wa bahari kuu angesukumwa mbali nasi, si kuletwa. Wa kukaa ufukoni siku ile walikuwa watu wa Kilwa na Lindi. Sisi Tanga tunahitaji kimbunga kinachopita kaskazini yetu, na huko ni karibu na ikweta ambako vimbunga havikui. Kwa hiyo namba tatu, jinsi tulivyomtolea hoja, alikuwa hawezekani tangu siku ya kwanza. Kama atakuja, ataletwa na kaskazi ya kawaida, au na mvuvi atakayemkuta huko nje karibu na fungu la Maziwe.

La Januari ni zito zaidi. Kabla ya kuwa na orodha, kikundi chetu hakikuwahi kudai kitwitwi yule mkubwa wa Siberia. Orodha ilitupa jina, na jina likatangulia macho. Picha ilikuwa na kila kitu cha kumkana, miguu peke yake ilitosha, lakini tuliisoma kutoka kwenye mdomo kwenda nyuma kwa sababu mdomo ndio uliofanana. Kilichotuokoa ni njia ya mwalimu ya kuandika unachokiona bila jina. Tumeifanya kanuni, hata kwa ndege ambaye kila mtu ana uhakika naye. Na ndiyo, nautaja tena mtandao uliokatika, kwa kuwa ripoti ya uongo ikishatumwa kwa wanaotunza kumbukumbu za ndege adimu wa Afrika Mashariki, kuifuta ni aibu, na inayofuata hata ikiwa ya kweli itatazamwa kwa jicho la pembeni.

Kubaki kwenye shamba la chumvi wakati limekuwa bwawa la maji baridi sikulitetei. Swali letu la tatu liliuliza kama makazi yapo, likijibiwa Septemba kana kwamba makazi ni nyumba ya mawe. Utabiri wa mvua kubwa ulikuwa umeshatangazwa. Tungeuliza "mvua ikizidi, nani anafuata maji?", wale kukuziwa wawili wangekuwa kwenye tano za mwanzo.

Sasa namba tisa. Mtu anaweza kusema tulibashiri sawasawa: alama zilimweka juu, akaja. Mwingine atasema tulikosea: tulimweka chini, akaja. Nimelifikiria hili kuliko yote, na naona tulichanganya vitu viwili. Uwezekano wa ndege kufika ni jambo moja, uwezekano wa sisi kumwona ni jingine. Alama ziliupima ule wa kwanza vizuri. Tulipomshusha tulikuwa tunazungumzia ule wa pili, na tulikuwa sahihi kabisa: kama hatutakuwapo, hatutamwona. Ila kutokuwapo kwetu tulikuandika kana kwamba ni tabia ya ndege. Tungekiandika kama kilivyo, "hatuendi wakati wa kusi", mtu barazani angeuliza mara moja, "kwa nini tusiende?" Na kusi ina wageni wake: mbali na huyu kuna kulastara wa Madagaska, Ardeola idae, anayefanana mno na yule wa kawaida, na kuna Pitta angolensis wa msituni anayesafiri usiku. Miezi sita ya mwaka tulikuwa tumefunga mlango, halafu tunabashiri nani atabisha hodi.

Nilipofungua daftari la safari nilikuta jingine. Zaidi ya nusu ya safari zetu za pwani zilikuwa Jumamosi asubuhi, bila kujali maji. Wakati wa maji mafu vitwitwi hawalazimiki kuhama. Wanabaki mbali kwenye matope. Bamvua, bahari inapopanda na kushuka zaidi ya mita 3, ndipo wanapobanwa wote kwenye vitalu na mtu anaweza kuwapitia mmoja mmoja. Mvuvi yeyote angetuambia, lakini tulikuwa tunafuata kalenda ya ofisini.

Kilichofaa? Kuandika sababu kabla. Bila karatasi ya Septemba leo tungejisifu kwamba tulimjua Glareola ocularis muda wote. Karatasi ina mwandiko wangu, na mshale unaomshusha.

Orodha mpya ina swali la tano: nani atakuwa pale, lini, na atamtambua kwa nini? Likikosa jibu ndege habaki chini wala hapandi. Anawekwa pembeni mpaka mtu ajitolee. Mzee na mjukuu wake wamepewa darubini moja ya zamani ya kikundi.

Limebaki moja ambalo hatujaafikiana. Binti na kijana wanataka ndege wa Agosti 2023 waingizwe kwenye kumbukumbu kwa jina la mzee, tarehe ile, kama wa kwanza. Mwalimu na mimi tunaona maelezo ya mdomo, yaliyoandikwa kwa neno moja na alama ya kuuliza, hayatoshi, hata kama sote tunajua sasa walikuwa ndio. Tulikwenda kumweleza wenyewe. Alisikiliza hadi mwisho, akaendelea kukwangua chumvi pembeni mwa kitalu.

"Mimi nimewaona," alisema. "Nyie andikeni mnavyotaka."